Nakala za Mdomoni

Mabingwa wa hifadhidata wakikutana, kila mmoja ana nakala rudufu tele, za mdomoni. Muulize lini alijaribu kuirejesha hata moja. Ghafla chai inakuwa ya moto, haimezeki.

Januari 31, 2017, usiku, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhia msimbo wa programu, alifuta data ya seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Gigabaiti 300 hivi zikabaki 4.5. Njia tano za kuhifadhi, hakuna ya kutegemewa! Barua pepe za kuonya kwamba nakala hazitoki? Zilikuwa zikirudishwa mlangoni kama mgeni asiye na kadi ya harusi. Iliyowaokoa ni nakala ya saa sita kabla, aliyoichukua mtu kwa shughuli nyingine kabisa.

Wao angalau walikiri, wakarusha ukarabati mubashara YouTube. Wewe, bingwa wetu, yako umeijaribu lini?