Muulize Bundi wa Mkomaindo

*Shikamoo Babu Bundi. Mimi ni mwalimu, nimehamishiwa Newala kutoka Kilindoni, Mafia. Kwetu usiku kuna baraza, kahawa chungu, bao na upepo wa bahari. Huku ikigonga saa tatu mtaa mzima umelala, kilichobaki macho ni baridi tu. Nitaishije?*
*Mvuvi Asiye na Bahari*

Marahaba, mwanangu. Kabla sijakujibu, niwatoe wasiwasi wasomaji wapya wanaouliza kwa nini mtu mzima ajiite Bundi. Najua bundi akilia juu ya paa watu hukimbilia kutupa chumvi motoni. Huo ni wivu wa ndege wanaolala mapema. Mimi nilizaliwa hapa Masasi, chini ya mlima Mkomaindo, saa tisa usiku, na mkunga aliwaambia watu sikulia: nilitazama huku na huku nikitafuta aliyezima ngoma. Tangu hapo usiku silali. Nalala kwenye mikutano ya kijiji, ambayo kwa bahati nzuri hufanyika mchana.

Sasa tatizo lako. Umepanda Newala bila koti. Mji umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, mbele yake ardhi imekatika kama mkate, chini ni bonde la Ruvuma na ng'ambo ni Msumbiji. Jua likizama upepo unapita hapo bila hodi. Na si upepo wa juzi. Mwaka 1906 alifika Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, akaanzia kwetu Masasi kisha akapanda Newala. Alibeba kamera ya picha zinazotembea na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akarekodi nyimbo na ngoma za huku. Aliporudi kwao akaandika kitabu, na upepo wa jioni wa Newala ameulalamikia humo kama mpangaji anayemlalamikia jirani.

Kwa mahesabu yangu, ambayo hayajapingwa na mtu yeyote aliye hai, mmoja wa walioimba kwenye ile mashine alikuwa babu yake babu yangu. Maana yake sauti ya ukoo wetu ilifika Ulaya kabla ya pasipoti. Nikiimba msibani watu huniomba ninyamaze, na naelewa: si kila sikio limeandaliwa kwa kitu cha makumbusho.

Nilikuwa wapi? Koti. Langu nililinunua kwenye mtumba hapa Masasi, la bluu, lina nembo ya kikosi cha zimamoto cha nchi nisiyoijua. Nikilivaa Newala watu hunipisha njiani.

Ukishapata koti, chukua ndoo mbili. Usishangae. Wewe unatafuta baraza, na baraza la Newala lipo kwenye bomba la maji. Juu ya uwanda huu hakuna mto wala kijito. Mvua ikinyesha, mchanga unainywa yote, na maji yanakuja kutokea huko chini mabondeni. Bibi zetu waliteremka genge na mtungi, wakapanda nao kichwani, na siku ikaishia hapo. Baadaye yakaja mabomba ya kusukuma maji kutoka Mitema kuyapandisha juu, na kusukuma maji mlimani kuna siku yanafika na siku hayafiki. Yakifika usiku, mtaa unaodhani umelala utauona wote umejipanga na ndoo. Hapo ndipo habari za mji zinapotoka: nani kaposa, nani kaposwa, nani kaposa tena. Ndoo moja iwe nzima. Ya pili itoboe kidogo upande wa chini, ili usijaze haraka ukafukuzwa na maongezi bado matamu. Mimi nilimpata mke wangu kwenye foleni ya namna hiyo. Alikuwa nyuma yangu, akaniambia ndoo yako inavuja. Miaka thelathini na saba sasa bado ananiambia.

Hiyo ni miezi ya kawaida. Ngoja Oktoba. Kwenu Mafia, Oktoba ndipo papa potwe wanaanza kusogea na wageni wanawafuata na kamera. Kwetu Oktoba korosho zinaanguka, minada inafunguliwa, na anayefuatwa ni mkulima mwenyewe. Malipo ya mnada yakishaingia benki, mtu uliyemzoea kwa miguu anapita na pikipiki mpya, anapiga honi kukusalimu, anageuza, anapita tena usije ukawa hukuiona. Wauza mishikaki wanaongeza jiko la pili. Spika zilizokaa uvunguni tangu Machi zinafutwa vumbi. Novemba 2018, Rais Magufuli alipozikataa bei za wafanyabiashara na kutangaza kwamba serikali itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malori ya jeshi yalikuja kubeba korosho, na mjini hakikuzungumzwa kingine: nani amehakikiwa, nani bado, na nani anaambiwa ni mlanguzi wa kangomba wakati anaapa ana mikorosho yake. Nilikaa macho usiku mwingi nikiwashauri wakulima bure. Wengi walinishukuru kwa kuondoka mapema.

Msimu huohuo mabibo nayo yamejaa chini ya mikorosho, na mabibo yakikamuliwa yanazaa uraka. Sikiliza, maana hapa ndipo wageni wanapoumia. Uraka wa leo ni sharubati yenye utundu kidogo. Wa kesho ni ugomvi. Wa keshokutwa mwachie aliyeukamua. Ukiupitisha motoni ukachuruzika tone kwa tone unakuwa nipa, na nipa ni gongo tu iliyobadili jina, sheria yake unaijua na wewe ni mtumishi wa umma. Mimi sijawahi kuionja. Nimewahi tu kusimama karibu na watu waliokuwa wakiionja, kwa muda wa miaka kumi na minne.

Na ukiufikia mwezi wa sita na wa saba salama, shule zimefungwa, mavuno yameingia, watoto wanakwenda jandoni na unyagoni, utatamani hata huo ukimya unaoulalamikia. Utaanza kuona moto uwanjani. Usidhani wanaota. Baridi ya Newala inalegeza ngozi za ngoma, kwa hiyo wapigaji wanaziweka karibu na moto wa nyasi, wanagonga kwa kidole, wanasikiliza, wanarudisha tena. Vile vidogo vyembamba vinaitwa vinganga, mguu wake umechongoka unachomekwa ardhini, na sauti yake inakatiza usingizi wa vijiji vitatu. Baada ya hapo likitoka lipiko, kinyago kimefunika kichwa chote, nguo hadi vidoleni, watoto wanakimbia na kurudi, wanakimbia na kurudi. Aliyemo ndani hatajwi. Kwa asiyepita jandoni hakuna mtu mle, ni mzimu umekuja kucheza. Mwaka mmoja nilimtambua kwa kikohozi. Nikanyamaza, na nimenyamaza hadi leo, na daktari anaponiuliza chanzo cha presha yangu namwambia ni siri ya watu.

(Sindimba utaijua, uliiona shuleni. Ile ya shuleni imefungwa mkanda kiunoni isizidishe. Sisemi zaidi, safu hii husomwa na wachungaji.)

Bahari nayo unayo, ila hujaamka mapema. Nenda Shimo la Mungu, pale ukingoni, kabla jua halijachomoza, asubuhi yenye ukungu. Bonde lote chini yako limejaa weupe, umetulia, vilima vinachomoza kama visiwa, na upepo ni uleule wa kwenu. Mimi nilipelekwa pale mara ya kwanza na mjomba, nikatupa ndoana. Sikupata kitu, lakini nilikaa na samaki wa kukaanga mfukoni, kwa hiyo siwezi kusema nilirudi mikono mitupu.

Nafasi inakwisha, mhariri ananikodolea macho. Kwa kifupi: nunua koti.

*Babu Bundi, mume wangu anarudi saa saba na nusu usiku, anasema alikuwa bandaumiza anaangalia mpira wa Ulaya. Nimwamini?*
*Mama wa Mkuti, Masasi*

Mama, umefika kwa mwenyewe. Bandaumiza ya kwanza mtaani kwetu ilikuwa yangu: televisheni ya inchi kumi na nne, mabenchi sita, watu themanini, na dirisha moja ambalo nililitoza kiingilio chake. Niliifunga kwa heshima baada ya paa kuingia ndani kutazama penalti.

Mumeo mpime kwa kalenda. Mechi za Ligi ya Mabingwa kwa kawaida ni za Jumanne na Jumatano. Septemba ile ya mwisho inaanza saa nne usiku, saa sita inaisha. Mwisho wa Oktoba Wazungu wanarudisha saa zao nyuma, sisi hatugusi za kwetu, basi mpira uleule unaanza saa tano na kuisha saa saba. Kwa hiyo saa saba na nusu ya Novemba ni ya mtu mwaminifu mwenye mwendo wa pole. Saa saba na nusu ya Septemba ina dakika tisini zisizo na maelezo, sawa kabisa na mechi ya pili, na hiyo sijui inachezwa uwanja gani. Akikutajia Jumatatu, usibishane. Nusa koti lake. Likinuka moshi wa mishikaki, alikuwa na wanaume. Likinuka sabuni, njoo tuzungumze.

*Mzee, mimi ni mgeni Newala. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nasikia mngurumo mashambani. Kuna klabu imefunguliwa?*
*Nataka Kuingia*

Mwanangu, hizo ni mashine za kupulizia salfa. Mikorosho ikitoa maua inashambuliwa na ubwiriunga, na dawa ya unga inashika vizuri majani yakiwa bado na umande na upepo haujaamka. Kiingilio ni bure. Vaa kitambaa puani, na usivae nguo nzuri, utatoka wa njano. Mimi niliwahi kuingia nikidhani kama unavyodhani wewe, nikacheza nyimbo mbili kabla hawajanitambua.

Tangazo fupi kabla sijaondoka, bodaboda ananisubiri. Yule kijana aliyeazima koti langu Jumamosi pale Shimo la Mungu, la bluu, lenye nembo ya zimamoto, alirudishe. Nusu ya majibu ya wiki ijayo yamo mfuko wa kushoto. Funguo za nyumba zimo wa kulia, na mke wangu amelala.