Fundi Wangu ni Limited

Mtaani kwetu neno Limited ni cheo. Likiwa mwishoni mwa jina la kampuni, watu wanajua hapo kuna mlinzi getini, kiyoyozi na bosi asiyepokea simu. Asiye nalo ni mchuuzi tu. Ndiyo maana siku hizi hata kibanda cha vocha na mayai ya kuchemsha kina kibao cha Investment Co. Ltd.

Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, na Kiingereza chake chote alikiokota kwenye vibao vya barabarani. Nilipokuwa kidato cha kwanza nilirudi nyumbani na ripoti ambayo mwalimu wa hisabati alikuwa ameandika kwamba uelewa wangu ni “limited”. Baba alivaa miwani, akasoma silabi kwa silabi, kisha akapaza sauti: “Mama watoto, njoo uone mtoto alikofika!” Nikanunuliwa soda. Jirani yetu, karani mstaafu, aliletewa naye ajionee. Akaisoma ripoti, akaniangalia mimi, akamwangalia baba, akairudisha bila neno. Mzee yule namheshimu mpaka leo.

Waingereza walioliweka neno hilo kwenye kampuni walikusudia kinyume kabisa. Sheria yao ya mwaka 1855 iliwakinga wenye hisa wasidaiwe zaidi ya mtaji walioahidi kuuweka: kampuni ikifilisika, nyumba ya mwenye hisa haiguswi. Kwa mkopeshaji hiyo ni hatari, basi kampuni zikalazimishwa kuchomeka Limited mwishoni mwa jina ili anayezikopesha ajue mapema. Kilikuwa kibao cha “mbwa mkali”, sisi tukakisoma “karibu mgeni”.

Haya yote nilielezwa na binamu yangu wakili, siku nilipompelekea kesi ya kabati.

Kabati lenyewe lilikuwa la mninga, milango minne, na nililiagiza Keko kwa fundi ambaye kibao chake kilikuwa na Limited kubwa kuliko jina lake. Nikatoa advansi. Kwanza mbao zilikuwa hazijakauka. Halafu umeme ukakatika. Halafu kukawa na msiba, na msiba haubishaniwi. Mwishowe nikamkuta amekaa kwenye benchi, anakula chipsi mayai, randa imelala pembeni.

“Bosi wangu,” akasema, “ile hela uliilipa kampuni. Mimi na kampuni ni watu wawili tofauti. Na kampuni kwa sasa hali yake si nzuri.”

Nikajikuta natoa pole.

Binamu alicheka mpaka akavua miwani. Akasema fundi wangu, ajue asijue, amemnukuu mtengeneza viatu wa London aitwaye Aron Salomon. Huyo mwaka 1892 aliigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ilitaka wanachama saba, basi akaandikisha familia: mkewe, binti yake na wanawe wanne, kila mmoja hisa moja. Zake yeye zilikuwa 20,001. Haukupita muda mrefu kampuni ikafilisika. Wadai wakaja juu: hapa kampuni ni nani kama si Salomon? Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu ya Uingereza, na mwaka 1896 majaji wakaamua kwamba kampuni ni mtu mwingine kabisa, hata kama hisa zote isipokuwa sita ni za baba mwenye nyumba. Hukumu hiyo wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo, Dar es Salaam na Nairobi pia. Mimi nilimwonea huruma mke wa Salomon, mwenye hisa yake moja. Sidhani kama kuna aliyemuuliza.

“Sasa risiti iko wapi?” binamu akauliza.

Nikaitoa. Karatasi ya daftari, imechanwa upande mmoja: jina la fundi, namba yake ya simu, sahihi, na maneno “advansi ya kabati”. Kampuni haikutajwa popote. Binamu akaingia kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, akalitafuta lile jina la kwenye kibao. Halimo.

“Hii Limited ni ya rangi tu,” akasema. “Aliyepokea hela ni mtu, na mtu huyo ana pikipiki.”

Akampigia. Mazungumzo hayakuwa marefu, ila pikipiki ilitajwa mara kadhaa.

Wiki ile ile kabati likaletwa. Mninga mtupu, limepigwa msasa likang'aa, bawaba za shaba. Milango mitatu. Nilipouliza wa nne uko wapi, fundi alijifuta jasho kwa kiganja.

“Huo, bosi wangu, uko kwa kampuni.”