Sifa za Mgeni wa Majivuni

Simba ana nembo, twiga ana ndege, kipepeo ana washairi. Mbawakawa wa msitu ulioungua hana hata mjumbe wa nyumba kumi wa kumsemea. Basi leo nipeni nafasi nimsemee mimi, kwa hiari na bila posho.

Kitaalamu anaitwa Sericoda quadripunctata. Urefu wake ni milimita tano hivi, rangi yake nyeusi yenye mng'ao wa shaba. Yaani kazaliwa na sare ya msiba, akipata taarifa hahangaiki kutafuta kanga. Kwao ni misitu ya misonobari ya kaskazini: Uswidi, Ufini, Urusi, Kanada. Msitu ukiwa mzima, utamtafuta hadi uchoke. Uungue leo, na siku chache baadaye yeye na wenzake wako majivuni wakiwinda vijidudu. Paa kakimbia, ndege kahama, mwenye msitu analia. Yeye anafungua jiko.

Wabaya wake watasema hiyo ni kufa kufaana. Kweli, lakini nani wa kumcheka? Sisi nyumba ya jirani ikishika moto hufika na simu mkononi, tukapiga picha, tukarudi kulala. Yeye hufika na mabegi. Huzaa papo hapo, na miaka michache ikipita, majani yakifunika majivu, huondoka bila kudai hati ya kiwanja.

Tena ana mwenzake katika msafara huu, Melanophila, wa ukoo mwingine wa mbawakawa, ambaye methali ya pafukapo moshi pana moto kaichukua kama ilivyo. Kwa papasi zake hunusa moshi. Kwa vishimo vilivyo karibu na miguu ya kati huhisi joto la moto wa mbali. Hutaga mayai katika mti uliobabuka, usio na nguvu tena ya kuwazamisha watoto wake kwa utomvu. Uhodari huo una kasoro ndogo: sigara nayo humchanganya. Mnamo 1943 mtaalamu wa wadudu E. Gorton Linsley aliandika jinsi walivyouvamia uwanja wa mpira huko Berkeley, California, ambako maelfu ya watazamaji walikuwa wakivuta, wakawauma shingoni na mikononi. Kampeni gani ya afya imewahi kupanda jukwaani kwa bidii hiyo?

Heshima kuu ya mbawakawa wetu iko Uswidi. Huko moto ulizimwa kwa ustadi miaka na miaka, mpaka wadudu wa majivuni wakawa adimu. Sasa wahifadhi huingia msituni na moto mkononi, ratiba mfukoni na mipira ya maji pembeni, wakaunguza hifadhi makusudi. Na baada ya moto wa Västmanland wa 2014, uliomeza hekta zaidi ya 13,000 na kuua mtu mmoja, jambo ambalo halina mzaha, sehemu ya eneo hilo ilifanywa hifadhi mwaka uliofuata, magogo meusi yakaachwa yalivyo. Wageni wengine huchinjiwa kuku. Huyu huchomewa msitu.

Nami namtakia maisha marefu, uzao mwingi na moto wa kumtosha. Ila aupate huko huko kwao; mimi paa langu ni la makuti.