Heshima kwa Ofisi ya Utumishi

Washairi wetu wamewasifu mashujaa, wamewasifu warembo, wameisifu hata minazi. Ofisi ya Utumishi haijapata wa kuitungia ubeti. Huo ni uonevu, na leo naanza kuulipia.

Zamani alikuwapo Bwana Utumishi peke yake, na meza moja, kabati la majalada na muhuri. Kazi yake ilijulikana: kuajiri, kuachisha na, katikati ya hayo mawili, kukwambia kwamba barua yako bado haijamfikia. Sasa ukoo umepanuka. Afisa Rasilimali Watu ndiye anayekupokea siku ya kwanza kwa tabasamu, kisha anakupa fomu ileile uliyokwisha kuijaza mara mbili. Meneja wake atakwambia mlango wake uko wazi muda wote. Ni kweli tupu. Mlango uko wazi, mwenyewe yuko semina Morogoro.

Yupo pia Mshirika wa Biashara, na huyu anastahili pongezi za pekee. Cheo chake kilishika kasi baada ya Dave Ulrich, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan, kuchapisha kitabu mwaka 1997 akitaka watu wa utumishi waache kuzama kwenye makaratasi na wakae meza moja na wakurugenzi. Wakakaa. Makaratasi nayo hayakwenda popote: sasa unayajaza mwenyewe kwenye mfumo, na mfumo ukigoma unaelekezwa uripoti tatizo kupitia mfumo huohuo.

Huko juu kabisa ameketi Mkuu wa Watu na Utamaduni. Watu ni sisi. Utamaduni ni fulana za Mei Mosi, zote saizi moja, na kundi la WhatsApp ambalo wakubwa tu ndio wanaoruhusiwa kuandika.

Kwa jinsi nionavyo, cheo kinavyorefuka ndivyo mwenye nacho anavyokaa mbali na mshahara wako. Ndiyo maana shikamoo yangu ya kwanza huenda kwa mama wa masijala, ambaye cheo chake hakijazi hata nusu ya kitambulisho.

“Mama, naulizia barua yangu ya likizo.”

“Jalada limepanda kwa mkubwa, mwanangu.”

“Mkubwa yupi?”

“Aliyepo.”

Hakuna mshauri wa kulipwa kwa dola atakayekueleza muundo wa taasisi kwa ufasaha kama huo. Na siku mama akiamua kuliona jalada lako, linaonekana. Lilikuwa chini ya kikapu chake cha chai.

Tusisahau hesabu, maana watu wa utumishi ni mabingwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya siku 28 mfululizo, na sikukuu iliyoangukia humo inahesabiwa humohumo. Afisa mzuri hakukumbushi hilo mpaka umeshapanga safari ya kwenda kula Idi kijijini. Kiinua mgongo cha kisheria nacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Kwa hiyo aliyetumika miaka 10 na aliyetumika 25 wana haki sawa ya siku 70. Usawa wa namna hiyo hata wanasiasa hawajawahi kuuahidi.

Na lugha yao, jamani! Huku hafukuzwi mtu. Kuna mabadiliko ya muundo, kuna kupunguza nafasi, kuna kukubaliana kuachana. Barua inakuja na nembo ya rangi, inakushukuru kwa mchango wako mkubwa, na inakutakia kila la heri katika shughuli zako, shughuli ambazo tangu asubuhi hiyo huna. Aliyeitia saini ni yuleyule wa fomu na tabasamu.

Basi ukipata barua ya namna hiyo, ipokee kwa mikono miwili, msifu mwandishi, kisha angalia tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, si tangu hasira zilipokupoa.