Jinsi ya Kupamba Ofisi Isifike Januari

Desemba ikiingia, kila ofisi ya Dar es Salaam huunda kamati ya mapambo. Mwenyekiti wake huwa ni yule ambaye hakuwepo kwenye kikao. Kama ni wewe, pole, na mwongozo huu ni wako. Ukiufuata neno kwa neno, mwaka mpya mtaanzia kazi chini ya mwembe.

Anza na mti. Wa plastiki kutoka Kariakoo si mbaya, lakini wanaojua kazi hukata tawi la mvinje wiki mbili kabla, wakalisimika kwenye ndoo ya mchanga mkavu bila tone la maji. Likifikia hatua ya kupukutika kila mtu akipita, limeiva. Sasa lipe theluji. Dar haijapata kuanguka theluji, labda ndiyo maana tunaililia: nunua pamba duka la dawa, ichambue iwe nyembamba kama utando, itandaze matawini, kisha zungushia taa humo humo. Mama yeyote anayewasha jiko la mkaa atakwambia vijiti vikavu na pamba hufanya kazi gani.

Taa zenyewe, kusema kweli, zitakuangusha. Hizi za LED hazili umeme wa maana wala hazipati joto la kutisha. Tegemea plagi yake. Imekuja na pini mbili, soketi yetu ina matundu matatu. Basi chukua kalamu, chokoa tundu la juu mpaka vifuniko vya ndani vifunguke, sukuma. Italegea. Ukiitikisa utasikia “tss”, na hiyo ndiyo sauti unayoitaka. Plagi ya pini tatu huwa na fyuzi ndani yake. Hii haina, kwa hiyo hakuna wa kukukatiza.

Halafu ekstensheni. Iliyo ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, hubeba wati 3,000 hivi, haizidi. Birika la chai peke yake hula 2,000, maikrowevu 1,200. Chomeka vyote viwili pamoja na taa, kisha pitisha waya chini ya zulia usipate pa kupoa. Kukitokea tatizo kila mtu atalaumu taa za Krismasi, na birika litabaki na heshima yake.

Hapa niseme bila utani. Ofisi moja niliyopata kufanya kazi, Desemba moja tulisikia harufu kama ya samaki aliyeungua. Tukamsema kwa siku mbili kijana mmoja aliyekuwa akipasha moto chakula cha mchana. Siku ya tatu mfagizi akachomoa ekstensheni apige deki, plagi ikatoka na kipande cha soketi kimeganda kwenye pini. Plastiki iliyokuwa nyeupe ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yule kijana hakuwahi kupasha samaki. Plastiki ya vifaa vya umeme ikipata joto kupita kiasi hunuka hivyo hivyo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Tuendelee. Mtungi mwekundu ulioko koridoni, ambao mwaka mzima ulikuwa ukizuia mlango usijifunge, uvalishe karatasi ya zawadi na utepe. Usiangalie kama mshale wake uko kwenye kijani. Soketi ikishika moto, mwite mlinzi aje na ndoo ya maji. Wasiopenda sherehe hushusha swichi kuu kwanza, wakachukua mtungi wa poda au wa gesi ya kaboni dioksaidi, wakavuta pini na kuelekeza chini kwenye shina la moto badala ya kwenye ndimi zake. Hao msiwaweke kwenye kamati.

Mlango wa dharura uwe stoo ya maboksi ya mapambo. Ufunguo wa kufuli anao meneja utawala, naye yuko Moshi tangu tarehe 20.

Na umeme ukikatika saa kumi jioni, ondokeni gizani bila kuzima chochote. Ukirudi usiku wa manane vitu vyote vitaamka kwa pamoja, na mlinzi aliyeko getini atadhani bosi amerudi kumalizia ripoti.

Nje ya dirisha, mkrismasi umechanua mwekundu mwezi mzima na haujaomba soketi. Ila huo hauna mwenyekiti.

Namba ya Zimamoto Tanzania ni 114, na kupiga ni bure. Ibandike ukutani leo, kabla hujaanza kubandika nyota, tena mahali ambapo nyota hazitaifunika.