Glavu za Kushoto

Jumatatu, mwanzo wa Desemba

Kazi yangu katika shule hii ya msingi hapa Saint Paul, Minnesota, ni kusimamia chakula cha mchana na mapumziko. Kwenye mkataba imeandikwa kwa maneno marefu zaidi. Ukweli ni kwamba kuanzia Novemba hadi Machi navalisha watoto wa chekechea, nawatoa nje, nawarudisha ndani, nawavua.

Utaratibu wa kuvaa umebandikwa ukutani kwa picha: suruali ya theluji, buti, koti, kofia, mwisho glavu. Glavu huja mwisho kwa sababu mwenye glavu hawezi kufunga zipu. Leo mtoto mmoja kaanza na glavu, kisha akasimama mbele yangu mikono kaitanua, akisubiri yaliyobaki yafanyike yenyewe. Wa pili kavaa buti kabla ya suruali. Mguu uliingia hadi gotini ukagoma, akaanguka taratibu akamlalia mwenzake, na mwenzake akamlalia aliyefuata. Wa tatu, zipu ilinasa skafu. Ukimfunga mtoto zipu unamwambia ainue kidevu. Huyu aliinua, na hakuna aliyemwambia ashushe, akatembea hadi mlangoni akitazama dari.

Walipokuwa tayari wote, wamenenepa na jasho linawatoka, sauti moja nyuma ya foleni ikasema inataka kwenda chooni. Hiyo sauti haikosekani. Si ya mtoto yule yule. Nahisi wanapangiana zamu.

Mapumziko yaliyobaki yalikuwa dakika tisa.

Jumanne

Kanuni ya shule yetu inasema baridi ikishuka chini ya sifuri ya Fahrenheit, upepo ukiwa umehesabiwa, watoto hawatoki nje. Hiyo ni kama -18 za Selsiasi. Leo ilikuwa 1 ya Fahrenheit. Tukatoka.

Shangazi alipiga simu kutoka Tanga akauliza hali ya hewa. Nikamwambia kuna jua. Na kweli lilikuwapo.

Jumatano

Karibu na ofisi umesimamishwa mti wa plastiki. Badala ya taa na nyota, umetundikwa glavu, kofia na skafu zilizoletwa na wazazi. Mtoto mwenye shida anachuma. Hakuna fomu wala sahihi, na hakuna wa kumuuliza kwao wanafanya kazi gani. Katika mambo yote ya kutoa yanayofanyika hapa msimu huu, hili ndilo ninaloliona limekaa sawasawa, na ndilo pekee lisilo na kamati.

Tatizo ni kwamba mtoto aliyepoteza glavu moja huchuma moja. Na wengi hupoteza ya kulia, kwa kuwa ndiyo wanayoivua wakitaka kushika kitu. Kufika saa nane mchana mti ulikuwa umebaki na glavu za kushoto tupu. Katibu wa shule akaniuliza kama nawajua watoto wanaotumia mkono wa kushoto. Nikamwambia hata hao wana mkono wa kulia.

Alhamisi

Wiki ya makopo. Kila darasa limepewa boksi, na vyakula vitapelekwa kwa familia zenye uhitaji kabla ya likizo. Anayetaka kujua Wamarekani hawakula nini kwenye Sikukuu ya Shukrani aje atazame maboksi haya. Ni malenge ya kusagwa na sosi ya kranberi, boksi hadi boksi. Mtu anafungua kabati, anatazama kitu asichokipenda, roho ya huruma inamwingia.

Mke wangu alitoa kopo la tui la nazi, lile zito, alilolinunua dukani kwa Wahmong, watu wenye asili ya Asia. Lilikuwa limeanguka kwenye ngazi likabonyea ubavuni, lakini halikutoboka. Kwao Pangani mtu hatoi asichokula mwenyewe.

Mimi nilipewa kazi ya kukagua tarehe. Kopo moja la njegere lilimaliza muda wake 2011. Hakuna mwanafunzi shuleni anayelizidi umri.

Ijumaa

Vita vya senti. Kila darasa lina chupa kubwa mezani karibu na ofisi. Senti moja moja za rangi ya shaba zinaongeza pointi. Sarafu za rangi ya fedha na noti zinapunguza. Kwa hiyo mtu mwerevu hutia senti kwenye chupa ya darasa lake, na noti kwenye chupa ya maadui. Fedha zote, za kuongeza na za kupunguza, zinakwenda kununua makoti. Kwa hesabu za koti, hakuna anayeshindwa. Mchezo wenyewe una siku chache za kuishi, maana serikali iliacha kutengeneza senti moja za matumizi ya kawaida Novemba 2025.

Mke wangu alipita asubuhi kumleta kijana wetu wa darasa la pili. Akaona chupa ya darasa lake ina vijisenti vya shaba tu, akaona aibu, akatumbukiza noti ya dola 5. Pointi mia tano zikapotea. Darasa la jirani walimpigia makofi.

Jioni akaniuliza, "Yaani mimi nimetoa, mwanangu akapunguziwa?"

Nikasema ndiyo.

"Na hao waliotia vijisenti wakaongezewa?"

Nikasema ndiyo.

Kijana akainua uso kwenye sahani. "Mama, usitusaidie tena."

Jumatatu

Tangu mwaka wa masomo wa 2023 na 2024, sheria ya Minnesota inawapa wanafunzi wote wa shule zilizo kwenye mpango wa chakula kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo, awe mtoto wa daktari au wa mfagiaji. Tangu hapo hakuna tena foleni ambayo ukiitazama unajua nani wa nani. Kilichobaki kwangu ni meza ya kugawana, ile ambayo mtoto asiyetaka kitu huweka pale na mwenye njaa akachukua. Masharti ni mawili, tunda liwe zima na pakiti iwe haijafunguliwa.

Leo nilikuta tofaa limewekwa kwa adabu kubwa, upande ulioumwa umeelekezwa ukutani.

Jumanne

Somo la theluji, darasa la pili. Niliitwa kusaidia kwa kuwa mikasi ilikuwa mingi na mikono ya watu wazima michache. Mwalimu aliwasimulia habari za Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, ambaye mwaka 1885 alifunga kamera kwenye hadubini akapiga picha ya chembe moja ya theluji, na akaendelea hadi picha zikazidi 5,000. Hakuona mbili zinazofanana. Alifariki mwaka 1931 kwa kichomi, baada ya kutembea kwenye dhoruba ya theluji. Hilo la mwisho hatukuwaambia.

Kisha wakakunja karatasi na kukata. Chembe ya theluji ina pembe sita, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hujipanga kwa umbo la pembe sita, na kupata sita kwenye karatasi kunataka kukunja kwa makini. Kijana wangu alikunja anavyojua yeye, akapata nane. Mwalimu akamweleza taratibu kwamba theluji ya pembe nane haipo. Akajibu kwamba hiyo ni ya Kilimanjaro.

Darasa zima likanigeukia mimi. Nikakusanya mikasi.

Jumatano

Theluji imefunga shule. Watoto wako nyumbani kutwa. Nimeandika mistari hii nikiwa bafuni.

Alhamisi

Tunajenga kasri la barafu. Mji huu una historia nalo. Mwandishi mmoja wa New York aliwahi kuandika kwamba Saint Paul ni Siberia nyingine, mahali pasipofaa kuishi binadamu wakati wa baridi. Wakubwa wa mji badala ya kumshitaki wakaandaa tamasha la baridi, mwaka 1886, wakajenga kasri kubwa la barafu katikati ya mji. Tamasha linafanyika hadi leo. Mimi nikiwa mkweli, yule mwandishi namwelewa.

La kwetu ni dogo. Watoto wamekusanya paketi za maziwa za mchana, wametia maji na rangi, tukazipanga nje usiku zigande. Ukichana karatasi unapata tofali. Maagizo yalisema paketi zisuuzwe kwanza. Waliozisuuza ni darasa la nne. Wengine walitia maji juu ya maziwa, kwa hiyo ukuta wa mashariki ni mwekundu na wa bluu, na wa magharibi una rangi ya uji.

Ijumaa

Kindi wameugundua ukuta wa magharibi.

Usiku ulikuwa wa tamasha la nyimbo. Kiingilio, kopo moja la chakula. Malenge. Kijana wangu alisimama mstari wa nyuma, akaimba maneno yote sawasawa akiwa ametazama upande mwingine. Mtoto wa mstari wa mbele alipiga chafya kwenye kipaza sauti, na hiyo ndiyo sehemu iliyosikika vizuri hadi nyuma.

Jumatatu

Jumapili joto lilipanda hadi nyuzi 38, ambazo ni zaidi kidogo ya 3 za Selsiasi. Kasri limekuwa dimbwi. Usiku dimbwi likaganda. Leo mapumziko yote yamekuwa ya kuanguka, na mmoja wa walioanguka ni mimi, mbele ya chekechea wote. Wakaniuliza kwa nini sikuvaa suruali ya theluji. Picha iko ukutani, wakanionyesha.

Alhamisi

Maboksi ya vyakula yamepelekwa. Kamati ya wazazi ina kanuni kali kwamba mtoaji asimjue mpokeaji, wala mpokeaji asimjue mtoaji, ili mtu asionewe haya. Kanuni nzuri. Ilidumu siku mbili.

Usiku huu mlango umegongwa. Ni mzee wa ghorofa ya chini, Mkongo wa Bukavu, mwenye wajukuu wawili shuleni kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akajibu "Jambo", kama kawaida yake. Mkononi ana kopo lililotobolewa kwa bisibisi.

"Mtoto yangu," akasema, "hii iko maziwa ya namna gani? Nimetia mu chai, chai imekataa."

Mke wangu alikuja kutazama. Kibandiko cha bei cha dukani kwa Wahmong kilikuwa palepale, na ubavu ulikuwa umebonyea. Hakusema neno. Alilipokea kwa mikono miwili, akamwambia, "Karibu ukae, baba. Hili haliingii kwenye chai."

Alipika maharage ya nazi, akamfungia ya kutosha yeye na wajukuu. Mzee alisema aksanti sana, akashuka na sahani yetu ya maua. Alipokwisha kufunga mlango mke wangu akaniambia kwamba mwaka ujao ataandika maelezo ya kupikia juu ya kopo, na sahihi yake chini.

Jumamosi

Sahani imerudi na sombe, yaani kisamvu. Sahani ya watu hairudi tupu, kwa hiyo sombe ilipokwisha ilishuka tena na vitumbua. Mchana ikapanda na samaki wakavu, wale wadogo wa ziwani. Mke wangu anawaunga kwa nazi, ya kopo lingine kabisa. Kwa hesabu zangu zamu ni yetu, kwa hesabu zake ni ya mzee. Sasa mzee amesimama mlangoni na makopo sita ya malenge, akituuliza kama kwetu kuna mnyama anayekula hiki.

Januari, Jumanne ya kwanza baada ya likizo

Meza ya vitu vilivyopotea imejaa. Nimetoa koti moja zuri sana, jipya, lebo haijakatwa. Limenunuliwa kwa fedha za vita vya senti, likapewa mtoto, mtoto akalisahau kwenye basi siku hiyo hiyo. Nilimtafuta, nikampa. Alasiri lilikuwa mezani tena.

Alhamisi

Kikao cha kamati ya wazazi, kutathmini msimu. Mwenyekiti alishukuru kila mtu bila kumtaja mtu. Akasema makopo yalikuwa mengi lakini "hayakuwa na mseto", na akauliza kama kuna mwenye wazo.

Mke wangu akasimama. Mimi nilitazama viatu vyangu. Akaeleza utaratibu wa michango kwetu Tanzania, kwamba kamati inachapisha kadi, kila kadi ina jina na kiwango, ahadi inaandikwa kwenye daftari, na mweka hazina anakumbusha kwenye kundi la simu asubuhi, mchana na jioni hadi mtu akamilishe. Siku ya siku orodha inasomwa kwa sauti mbele ya wote, wa laki na wa elfu tano.

Ukumbi ukatulia. Mama mmoja wa safu ya mbele akauliza kwa upole, "Na ambaye hakutoa?"

"Naye husomwa."

Wakajadiliana kwa muda mrefu kuhusu faragha. Kisha wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, na mke wangu ndiye mweka hazina mpya.