Muulize Mjomba Adabu

Mjomba, naomba kazi katika shamba la maua kule Naivasha. Meneja ni mwanamke, na sijui kama ameolewa. Kwa Kiingereza nimwandikie Miss, Mrs au Ms? — Mwenye Jasho, Njoro.

Mpwa wangu, umebisha mlango wenyewe. Hapa Nakuru, kuanzia mtaa wa Section 58 hadi Bahati, hakuna aliyerundikiwa vyeo kuliko mimi. Nakuru ilipewa hati ya jiji Desemba 2021. Mimi nilikuwa na hadhi ya jiji tangu enzi za manispaa. Kinyozi wangu hathubutu kuwasha mashine kabla hajasema “Mheshimiwa Daktari Mjomba.” Huo udaktari tutaujadili siku nyingine.

Sasa huyo mama. Ukikutana naye ana kwa ana, tamka “Mi—” kisha ukohoe. Nakuru ina vumbi, hakuna atakayekushuku. Kwenye barua, dondosha chai ya maziwa juu ya cheo, ajisomee apendavyo. Mbinu hii nimewafanyia wakwe, mapadri na afisa mmoja wa ardhi, na hadi leo wote wananiogopa. Mwenye mapafu mazima apande Menengai alfajiri, avipigie kelele vyeo vyote vitatu kuelekea kreta. Chenye mwangwi mrefu ndicho.

Wasio na mapafu walikimbilia kalamu. Mwaka 1901 gazeti moja la Springfield, Massachusetts, lilipendekeza Ms kwa sababu hiyo hiyo inayokutoa jasho: hujui ndoa ya mtu, na ukikisia vibaya umemkosea adabu. Mwanamume huitwa Mr akiwa kapera na akiwa na wake watatu, ila mwanamke ilibidi ndoa yake itangazwe kwenye bahasha! New York Times liliikubali Ms mwaka 1986. Miaka themanini na mitano. Mimi ningewaamulia kabla kikombe hakijapoa.

Na Mrs si cha kugawa ovyo. Wangari Maathai, ambaye sehemu ya utoto wake aliishi shambani kwa mzungu huku huku kwetu Nakuru, alipotalikiwa, mumewe alitaka jina lake la Mathai lirudi. Mama akaongeza a moja, akaondoka nalo. Tena alikuwa na shahada ya uzamivu tangu 1971, kwa hiyo aliyemwandikia Dr hakuwa na la kuuliza kuhusu ndoa. Nami udaktari wangu niliuchukua kwa sababu hiyo hiyo, kupunguza maswali. Basi, tumeujadili.

Kortini usijaribu lolote kati ya haya. Jaji mwanamke ni My Lady, awe wa hapa Nakuru au Jaji Mkuu Martha Koome mwenyewe.

Nafasi yangu inaisha, mhariri ana wivu. Andika Ms na jina la ukoo, si Ms Jane. Akijiandika Mrs, mfuate. Hujui jina? Dear Madam, kama ulivyomwita mwalimu wako shuleni. Chai inywe.

Na wewe wa Subukia uliyeuliza kuhusu mbuzi wa jirani: ndiyo, lakini si Jumapili.